Dawa umepiga, ukungu umeshika: tafuta chanzo kwenye saa za unyevu

Kila Juni na Julai, mawingu yakishakaa juu ya Mlima Meru mkoani Arusha wiki nzima bila mvua ya maana, kwenye maduka ya pembejeo ya Tengeru na Usa River husikika lalamiko moja: dawa imechakachuliwa. Dawa feki zipo, sikatai, na nitazigusa huko mbele. Ila mara nyingi dawa ni nzima, kipimo ni sahihi, bomba halivuji, na bado nyanya zinaungua. Dawa ilifika kwenye jani wakati ugonjwa, hasa bakajani chelewa unaounguza majani, umeshaingia ndani.

Mwongozo huu ni wa mkulima wa nyanya au viazi mviringo aliyeamua kupiga dawa ya ukungu kwa kufuata hali ya hewa badala ya "kila Jumamosi", kisha akaona mambo hayaendi alivyotarajia. Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1944 huko New York, W. D. Mills aliwapa wakulima wa matufaha jedwali la ugonjwa wa ukoko: joto likiwa nyuzi 10, jani likikaa limelowa saa 14 hivi ugonjwa unaweza kuingia, kwa nyuzi 18 hadi 24, saa 9 zinatosha. Wazo la namna hiyo linatumika pia kwenye viazi na nyanya. Unahesabu joto na muda ambao jani limebaki na maji, siku za wiki unaziacha zipite.

Chini hapa nimeziweka dalili kama wakulima wanavyozisema wenyewe. Nenda kwenye ile inayokuhusu, lakini sehemu mbili za kwanza zisome hata kama una haraka.

Kwanza: ni bakajani ipi?

Bakajani chelewa huanza na doa linalofanana na jani lililomwagiwa maji ya moto, kisha linageuka kahawia au jeusi huku ukingo wake ukibaki kijani hafifu. Ligeuze jani asubuhi kabla jua halijalifikia. Ukiona utando mweupe mwembamba umezunguka ukingo wa doa upande wa chini, usitafute zaidi. Shina nalo hupata mabaka meusi, na tunda hupata baka la kahawia lenye mng'ao wa mafuta, gumu ukilibonyeza. Hali ya hewa ikiliruhusu, shamba linaweza kwisha ndani ya wiki moja.

Bakajani tangulia ni mpole kidogo. Huanzia majani ya chini yaliyozeeka, doa lake lina duara ndani ya duara, jani linageuka njano kabla ya kuanguka. Linapenda joto zaidi kuliko mwenzake. Mabaka meupe makavu ambayo ukiyaelekeza juani unaona kinyesi cheusi cha kiwavi ndani yake ni kazi ya mdudu kantangaze. Na mche unaonyauka mchana ukiwa kijani kabisa, bila doa lolote, mara nyingi ni mnyauko bakteria. Ng'oa, usipoteze dawa.

Nalisisitiza hili kwa sababu kila kanuni ya hali ya hewa imetungwa kwa ugonjwa wake. Wapo wanaotumia TOMCAST, mfumo uliotengenezwa Ontario, Kanada, kwa ajili ya nyanya. Ni mzuri, lakini ni wa bakajani tangulia, madoa ya Septoria na uozo wa tunda bivu. Bakajani chelewa haumo. Angalia kinachotokea: usiku wenye wastani wa nyuzi 13 hadi 17, jani likilowa saa 10, TOMCAST inatoa alama 1 tu. Kwa kawaida mfumo unasubiri zifike alama 15 hadi 20 ndipo upige. Yaani kwa usiku wa Julai wa Arusha unaambiwa tulia wiki mbili au zaidi, wakati usiku huo huo unamtosha kabisa bakajani chelewa kuingia shambani na kuzaa. Mtu akiniambia "mfumo umenidanganya", swali langu la kwanza huwa ni mfumo upi na ugonjwa upi.

Kinachohesabiwa ni nini

Bakajani chelewa husababishwa na kimelea Phytophthora infestans, yule yule aliyeteketeza viazi vya Ayalandi kuanzia 1845. Kiukoo si kuvu wa kweli, yuko karibu zaidi na mwani, na tabia zake zote zinafuata maji. Usiku unyevu wa hewa ukizidi asilimia 90 hivi, huzaa vijimbegu upande wa chini wa jani. Asubuhi hewa ikianza kukauka, vijimbegu hujiachia na kwenda na upepo. Jua kali likivikuta vinakufa ndani ya saa chache. Mbingu ikiwa imefunga vinafika mbali vikiwa hai. Kijimbegu kikitua kwenye jani lililolowa na joto likiwa chini ya nyuzi 15 hivi, hupasuka na kutoa watoto kadhaa wenye mikia wanaoogelea kwenye lile tone la maji. Saa chache zinatosha kupenya. Baada ya hapo unakaa siku 3 hadi 7 bila kuona kitu. Doa unaloliona Jumatano lina historia ya wiki iliyopita.

Kanuni ninayoipendekeza hapa ni ya Hutton, inayotumika Uingereza tangu 2017: siku mbili mfululizo, joto la chini kabisa liwe nyuzi 10 au zaidi, na kila siku kuwe na angalau saa 6 za unyevu wa asilimia 90 kwenda juu. Ilichukua nafasi ya kanuni ya Smith ya 1956, iliyokuwa inataka saa 11. Mwingereza anapambana na sharti la joto karibu mwaka mzima. Sisi je? Kuanzia Usa River hadi Ngaramtoni, hata Julai, usiku wa chini ya nyuzi 10 ni wa nadra. Sharti la joto kwetu limeshatimia kabla hujaamka. Kilichobaki ni unyevu, kwa hiyo kazi yako yote inakuwa swali moja: jana usiku jani langu limekaa na maji saa ngapi?

"Mvua haijanyesha hata tone, lakini majani yameungua"

Hili ndilo lalamiko la Ngarenanyuki na la tambarare zote zinazolima kwa mfereji. Chanzo karibu siku zote ni umande.

Chukua usiku mmoja wa Kikwe. Zamu ya maji imekufikia saa kumi na moja jioni, ukamwagilia mpaka giza. Ardhi imelowa, hewa ya katikati ya mistari imejaa mvuke. Usiku anga limekuwa jeupe, hakuna upepo. Saa tatu usiku ukipitisha kiganja kwenye jani la katikati ya mche, linateleza. Jua linachomoza, lakini nyanya zako zimefika kiunoni, hazijapunguzwa machipukizi, na majani ya chini yanakaa kivulini mpaka saa mbili asubuhi. Kuanzia saa tatu hadi saa mbili ni saa 11. Rudia kesho yake, kanuni ya Hutton imetimia na ziada, na kwenye daftari la mvua umeandika sifuri.

Namna ya kujipima bila gharama: chukua karatasi ya tishu, ipitishe juu na chini ya majani ya katikati ya mche, siyo yale ya pembeni ya shamba. Fanya hivyo usiku kabla hujalala na asubuhi kila baada ya nusu saa mpaka itoke kavu. Ukishafanya kwa siku kadhaa za hali tofauti (anga jeupe, mawingu, upepo) utalijua shamba lako linavyokauka, na hutahitaji kulichungulia kila siku.

Tiba ya hapa inaanzia kwenye maji, dawa inafuata. Ukiweza kubadilishana zamu na jirani ili umwagilie asubuhi, badilishana. Najua kamati za mifereji zilivyo, si jambo la kuomba leo ukapata kesho, lakini lina thamani kuliko pakiti mbili za dawa. Simika miti na ufunge nyanya mapema. Ondoa machipukizi na majani ya chini yanayogusa udongo, halafu yatoe nje ya shamba. Mistari ikifuata uelekeo wa upepo, saa moja au mbili za kulowa zinapungua zenyewe. Mwenye umwagiliaji wa matone tayari yuko mbele. Anayemwagilia kwa kurusha maji juu ya majani jioni anajitengenezea mvua yake mwenyewe.

"Simu inasema shwari"

Mama mmoja aliingia dukani na jani limefungwa kwenye gazeti.

"Bwana shamba, simu iliandika mvua asilimia 10 wiki nzima. Hii imetoka wapi?"

"Mama, simu yako inasoma wapi?"

"Si hii hapa mkononi."

"Nauliza juu pale imeandika mji gani."

Ilikuwa imeandika Kilimanjaro Airport (KIA). Uwanja ule uko karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari. Shamba lake liko juu ya Nkoaranga, mita 1,600 na ushee. Joto hushuka karibu nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo shamba lake lilikuwa na ubaridi wa nyuzi 4 na nusu hivi zaidi ya kilichoandikwa. Hewa ya bondeni iliyo na unyevu wa asilimia 75, ukiipandisha mlimani ikapoa kiasi hicho, inakaribia kabisa kugeuka maji. Simu haikusema uongo, ilikuwa inaeleza habari za KIA.

Programu nyingi za simu pia huchukua wastani wa eneo kubwa, kilomita kadhaa kwa kadhaa. Kwenye tambarare hilo halina shida. Pembeni ya mlima unaozidi mita 4,500, ambako upande wa kusini unalowa na upande wa Oldonyosambu unakauka, wastani huo haumhusu mtu yeyote. Fanya hivi: ingiza mahali ulipo kwa kubonyeza ramani mwenyewe, usiandike jina la mji. Halafu acha kuangalia alama ya wingu na asilimia ya mvua. Fungua utabiri wa saa kwa saa, utafute joto na kiwango cha umande (dew point), yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo umande unaanza kujitengeneza. Namba hizo mbili zikikaribiana, tofauti ikawa nyuzi 2 au chini, hesabu hiyo ni saa ya kulowa. Kwa joto la nyuzi 15, tofauti ya kama nyuzi 1 na nusu ni sawa na unyevu wa asilimia 90.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) za msimu na za siku 10 zina kazi yake: kuamua upande lini, aina gani, na ununue dawa kiasi gani kabla foleni haijaanza. Usiku upi upige, hapo unahitaji kipimo cha shambani kwako.

"Nimenunua kipimo cha unyevu lakini namba zake hazieleweki"

Vile vipimo vidogo vya dijitali vinaweza kuwa nje kwa asilimia 5 hivi, na unyevu ukiwa juu ndiyo huchanganyikiwa zaidi. Kijaribu na chumvi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji kidogo ilowe tu isiyeyuke. Kizibo na kipimo viweke pamoja ndani ya mfuko wa plastiki au chombo kinachofunga vizuri, viache sehemu yenye joto lisilobadilika kwa usiku mzima. Ndani ya chombo hicho unyevu utakuwa asilimia 75. Kikisoma 70, basi jua kinapunguza 5. Shambani kikikuandikia 85, wewe andika 90.

Kikisoma 99 mpaka saa nne asubuhi wakati majani yamekauka, ujue matone yameganda kwenye kihisio chake. Kikaushe na ukihamishie mahali pasipomwagikiwa. Kikisoma chini ya 80 huku majani yanadondosha maji, angalia umekiweka wapi. Nimeviona vimening'inizwa chini ya bati la banda, kwenye ukuta wa matofali unaotoa joto usiku kucha, hata ndani ya jiko. Mahali pake ni katikati ya shamba, usawa wa majani, chini ya kivuli kidogo kinachopitisha hewa. Ndoo nyeupe ya plastiki iliyogeuzwa na kutobolewa pembeni inatosha.

Asiyependa betri atumie vipimajoto viwili vya kawaida vinavyosoma sawa. Kimoja kikavu, cha pili kimefungwa kitambaa cha pamba kinachonyonya maji safi kutoka kwenye kopo. Kwa joto la usiku wa hapa, tofauti ikiwa nyuzi 1 au chini, unyevu umefika 90.

"Nilipiga kabla ya mvua kama mlivyosema, bado imeshika"

Hapa kuna mambo manne, na ni vyema uyapitie yote kwa sababu mara nyingi huja mawili pamoja.

Mvua imeosha. Dawa za kinga, mfano mankozebu, klorothalonili na za shaba, hukaa juu ya jani. Kanuni ya mkono inayotumika sana kwenye matunda na mboga ni kwamba mvua ya milimita 25 hivi huondoa kama nusu yake, na ikifika 50 jihesabu huna kitu. Bila kipimo cha mvua hujui umebakiwa na nini. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na rula ya mwanafunzi ni kipimo cha kutosha. Liweke wazi, mbali na miti, na ulisome kila asubuhi.

Majani mapya. Dawa ya kinga haihami. Nyanya iliyoshiba mbolea na maji inatoa majani mapya kila siku chache, na jani lililofunguka Alhamisi halina habari na dawa ya Jumatatu. Ukiona ugonjwa umeshika vilele tu huku majani ya katikati ni mazima, chanzo ni hiki.

Upande wa chini haukufikiwa. Ukiona madoa yameanzia ndani ya kichaka, katikati ya mche, tazama nozeli. Tundu lililolika linatoa matone makubwa yanayoteleza na kuanguka. Tembea polepole, piga ukiinua mkono wa bomba kutoka chini kwenda juu. Nyanya zilizofika kifuani haziwezi kuhudumiwa na idadi ile ile ya mabomba uliyotumia zilipokuwa magotini.

Dawa haikukauka. Kupiga saa kumi na mbili jioni na umande ukaanza kushuka saa mbili usiku ni kuichanganya dawa na maji mengine. Vivyo hivyo kupiga alfajiri juu ya jani lililolowa. Saa nzuri ni umande ukishakauka na jua halijawa kali, upepo ukiwa mdogo. Na mchanganyiko uliobaki usilale kwenye bomba mpaka kesho. Maji ya baadhi ya mito na visima vya kuzunguka Meru yana magadi, na dawa nyingine hupoteza nguvu zikikaa humo.

"Nilipiga mara tu nilipoona madoa"

Umechelewa kwa siku 3 hadi 7, kama nilivyoeleza. Dawa za kinga hazigusi kilicho ndani ya jani. Zile zinazopenya, kama zenye simoksanili, zinaweza kukimata kimelea kilichoingia ndani ya siku moja au mbili zilizopita, basi. Madoa yakionekana, yapo pia maambukizi ya jana, ya juzi na ya siku nyingine nyuma ambayo bado hayajajitokeza. Ndiyo maana baada ya kupiga dawa nzuri kabisa, madoa huongezeka kwa siku tatu nne zinazofuata, na mkulima anakimbilia dukani kubadilisha dawa. Subiri. Weka alama kwa kamba kwenye matawi machache, uangalie madoa mapya yanaendelea baada ya wiki au la, na asubuhi ugeuze jani uone kama ule utando mweupe bado upo. Utando ukikatika, dawa imefanya kazi hata kama shamba linaonekana baya.

Matumizi halisi ya hesabu ya saa yako hapa. Ukishahesabu usiku wa kwanza wa saa 6 na utabiri wa saa kwa saa unaonyesha wa pili unakuja, piga dawa ya kinga mchana unaotenganisha usiku wa kwanza na wa pili. Ukikosa nafasi hiyo na usiku wa pili ukapita, tumia inayopenya ndani ya saa 24. Zikishapita siku tatu, usijidanganye na dawa ya bei kubwa; toa majani yenye madoa kukiwa kukavu, yafukie, na ulinde yaliyobaki.

"Mfumo unaniambia nipige kila siku"

Hiyo ni masika. Kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na kwa wa juu mlimani mpaka Julai, kanuni ya Hutton hutimia karibu kila usiku. Haijaharibika, imefika mwisho wa uwezo wake. Imetengenezwa kutenganisha siku za hatari na zisizo na hatari, na wewe huna zisizo na hatari. Katika miezi hiyo mimi siihesabu kabisa. Fuata muda mfupi zaidi uliopo kwenye kibandiko cha dawa, uufupishe au kuurefusha kwa kopo la mvua na kasi ya majani mapya, na utafute nafasi ya jani kukauka. Swali kubwa zaidi la masika ni kama nyanya za wazi zinalipa. Kwa wengine bei ya soko la Kilombero, Arusha, inafidia, kwa wengine shamba linakula mtaji wote, na aina zinazovumilia bakajani chelewa zinasaidia kuliko hesabu yoyote.

Faida ya kuhesabu iko kwenye miezi mingine: Agosti hadi Oktoba, Januari na Februari, na vuli ile inayonyesha ikikatika. Hapo ndipo mtu anayepiga kila wiki kwa mazoea anamwaga dawa kwenye majani makavu kwa wiki nzima, kisha anakosa ule usiku mmoja wa hatari kwa sababu Jumamosi haijafika.

"Jirani hapigi chochote na shamba lake zima"

Hali ya hewa inaeleza kama ugonjwa unaweza kuingia, haielezi kama vijimbegu vipo. Upepo unaweza kumpita yeye. Hata hivyo usitegemee bahati hiyo: matufaha ya Ulaya yana majira ya baridi ambapo mambo husimama, lakini huku Arumeru kuna nyanya shambani miezi yote 12, na kuna shamba lililotelekezwa baada ya bei kuanguka si mbali na kila mtu. Zungumza na mwenye shamba hilo aling'oe. Viazi vilivyojiotea navyo vinabeba kimelea hicho hicho.

"Dawa hii hii mwaka jana ilinisaidia"

Angalia kiambato, siyo rangi ya pakiti. Salfa, karbendazimu na jamii ya difenokonazoli ni dawa halali za ukungu mwingine lakini kwa bakajani chelewa hazifui dafu, maana kimelea chenyewe si kuvu wa kweli. Ukizipiga kwa wakati sahihi kabisa bado utaungua.

Metalaksili ni habari nyingine. Ilikuwa dawa ya ajabu ilipoingia sokoni, na kufikia 1980 Ulaya walishaona kimelea kilichoizoea. Mkulima anayeitumia peke yake mfululizo anajifugia kimelea sugu. Itumie ikiwa imechanganywa na mankozebu, mara chache kwa msimu, kisha uhamie kwenye kundi jingine. Vibandiko vingine vina namba ya kundi: metalaksili ni 4, simoksanili 27, dimethomofu 40. Majina mawili ya dukani yenye namba moja ni dawa moja kwa kimelea.

Kama kiambato ni sahihi, wakati ulikuwa sahihi na hujarudia kundi, hapo sasa shuku feki. Tazama namba ya usajili, tarehe na kizibo, hifadhi pakiti na risiti, uvipeleke TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambao makao makuu yao yapo hapa hapa Arusha. Usiimwage kwanza.

"Hatari imefika na keshokutwa ni siku ya kuvuna"

Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko, na hazibadiliki kwa sababu lori la Dar limeshapigiwa simu. Usiku wa kwanza wa hatari ukiingia wakati matunda yameanza kuwiva, chuma kwanza kila kilichogeuka rangi, hata yale ya njano njano. Yataivia kwenye tenga. Kisha piga mchana huo huo umande wa asubuhi ukishakauka, kwa dawa yenye siku chache za kusubiri. Nyingi za shaba ziko kwenye kundi hilo, lakini soma kibandiko cha ile uliyonayo mkononi. Andika tarehe ya kupiga na tarehe ya kwanza inayoruhusiwa kuchuma kwenye mti wa kwanza wa mstari, kwa rangi, ili hata vijana wa kuchuma wakifika wewe haupo waione.